Umeinua Gari, Shoki Je?
Wasee, kabla hujainua ndai, pata historia kidogo. Land Rover ya 1948 ilizinduliwa na springi za bapa, vyuma vilivyopangwa kama chapati. Vikisuguana, vyenyewe vilipunguza mdundo. Range Rover ya 1970 ikaweka koili magurudumu yote. Koili haijisugui hivyo, kwa hivyo kutuliza mdundo kukabaki kazi ya shoki.

Njia za Kano mvua ikinyesha zinataka gari juu, sawa. Lakini koili ndefu na ngumu kwa shoki za zamani? Mimi nakataa. Ni fupi, gurudumu likishuka shimoni zinavutika hadi mwisho. Ni laini, gari inadundadunda, tairi inaachana na lami. Na pale Ahero boda wanakatiza barabara. Breki haishiki hewani. Nunua zote pamoja.