Walipolala Wafungwa

Ndugu msomaji, ukifika Mombasa ingia Fort Jesus. Mzee aliyetutembeza alisimulia kwa raha: Wareno walianza kuijenga 1593, Waarabu wa Oman wakaizingira 1696, wakaiteka 1698. Mizinga tukaishika.

“Na wafungwa je, mzee?” nikauliza.

“Aa, Mwingereza aliifanya jela, kijana wangu. Haya, twende juu.”

Basi, kwisha! Jela ya 1895 hadi 1958, miaka 63, ikapita kwa sentensi moja. Mimi nikabaki nyuma, nimegusa ukuta. Baba yake bibi yangu alilala humu kwa kukosa kodi ya kichwa. Bibi yungali hai, anakumbuka. Wenzangu waandishi, wazee wetu tuwaulize leo, mizinga itatungoja.