Susi na Chuma Uingereza, 1874: Wageni Walioacha Maneno Yao

Maji yapitayo mbele ya Alunguli, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba mjini Kindu, yamekwisha kupita Nyangwe. Huko ndiko David Livingstone alikofika mwezi wa Machi 1871, na huko ndiko alikoshuhudia mauaji ya sokoni tarehe 15 Julai mwaka ule, ambayo Waarabu wenyewe walikadiria kuwa yaliangamiza watu kati ya 330 na 400. Mwaka mmoja kabla ya hapo, alipokuwa katika nchi ya Maniema, msafara wake ulikuwa umepungua hata akabakiwa na watu watatu tu. Wawili kati yao walikuwa Abdullah Susi, mwenyeji wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861.

Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, Susi na Chuma ndio waliouongoza msafara uliobeba maiti yake zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Hata hivyo, tarehe 18 Aprili 1874, alipozikwa katika kanisa la Westminster mjini London, wao hawakuwapo. Walikuwa wamelipwa ujira wao na kuachwa Unguja. Walifika Uingereza baada ya mazishi, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu.

Je, kukaa kwao huko kulikuwa mapumziko? Kwa sura ya nje, naam. Walikaribishwa Newstead Abbey, jumba la kale lililo karibu na mji wa Nottingham, wakapigwa picha pamoja na Agnes, binti ya Livingstone. Lakini kwa hakika walikuwa kazini. Mchungaji Horace Waller, aliyekuwa akihariri shajara za marehemu, aliwauliza juu ya njia, mito, vijiji na siku za mwisho za bwana wao. Mahali shajara ziliponyamaza, wao ndio waliosema.

Mwezi wa Oktoba 1874 siku zao za ugeni zilikwisha, wakarudi Afrika. Kitabu kilitoka Desemba mwaka huo huo, kwa majuzuu mawili. Majina yao yamo katika ukurasa wake wa kwanza, lakini kama watumishi waaminifu ambao habari ilipatikana kwao, si kama watunzi. Jinsi walivyoiona Uingereza, na walichoagana na wenyeji wao siku ya kuondoka, hakuna mahali walipokiandika. Msomaji anayajua maneno yao kwa Kiingereza cha Waller peke yake.

Maisha yao hayakuishia hapo. Chuma aliongoza misafara mingine hadi alipofariki Unguja mwaka 1882. Susi alirudi Kongo, safari hii upande wa magharibi, akawa mnyapara wa Stanley katika miaka ilipoanzishwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Alifariki mwaka 1891.

Ilipasa kungoja hadi mwaka 1932 ndipo Martin Kayamba wa Tanganyika achapishe kwa Kiswahili, kwa kalamu yake mwenyewe, habari za safari yake ya Uingereza ya mwaka 1931. Tofauti kati ya safari hizo mbili si ya elimu tu. Ni ya nani ashikaye kalamu.

Mwaka 2011 wataalamu walifaulu, kwa njia ya picha za mwanga maalumu, kuyasoma maandishi yaliyofifia ya Livingstone, aliyoyaandika Maniema juu ya magazeti kwa wino wa mimea. Kwa Susi na Chuma hakuna wino wa kufufua. Kwa sababu hiyo, anayekusanya leo masimulizi ya wazee wa Kindu, Kasongo au Nyangwe yampasa aandike kwanza jina la msimulizi, kisha maneno yake katika lugha aliyoyasemea, kabla ya kuyafasiri.