Chumba Kimejaa? Hatua 5 za Kupunguza Vitu Nyumbani Kabla ya Kuamua Kuhama

Familia nyingi za mjini zinaishi kwenye chumba na sebule. Baba, mama, watoto wawili au watatu, na mara nyingi ndugu aliyekuja kutafuta kazi. Baada ya miaka michache nyumba inajaa mpaka watu wanapita kiubavu, na maneno yanayoanza kusikika ni haya: "Tuhame, hapa pamekuwa padogo."

Kuhama ni gharama. Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Bado dalali anataka chake, bado gari la kubebea vyombo. Kabla hela hiyo haijatoka, ni vizuri kujua kama nyumba ni ndogo kweli au imejaa vitu visivyotumika.

Chukua mfano wa chumba cha futi 10 kwa 10. Kina futi 100 za mraba, na kitanda cha 5 kwa 6 kinakula 30. Zinabaki 70. Kama 25 kati ya hizo zimekaliwa na TV ya chogo iliyokufa, mabegi ya nguo zisizovaliwa na ndoo zilizopasuka, robo ya chumba imepotea. Ikiwa kodi ni sh 60,000 kwa mwezi, familia hiyo inalipa sh 15,000 kila mwezi kuvipangishia vitu vibovu. Kwa mwaka ni sh 180,000.

Njia ya kuirudisha robo hiyo ipo, na haihitaji mtaji. Inaitwa 5S. Ilianzia viwandani Japani, na Tanzania ilianza kutumika kwenye hospitali za umma mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa ya majaribio. Kwa Kiswahili S hizo tano ni sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali huenda ameyaona maneno haya ukutani. Nyumbani yanafanya kazi vilevile.

1. Sasambua

Maana yake ni kutenganisha kinachotumika na kisichotumika. Kosa la wengi ni kuivuruga nyumba nzima siku moja, jioni wakachoka na kurudisha kila kitu kilipokuwa. Ni bora kwenda na aina moja ya vitu kwa wakati. Kwa mfano nguo zote, hata zilizo kwenye mabegi, zinamwagwa kitandani na kugawanywa mafungu manne: za kuvaa, za kuuza, za kugawa, na zilizochakaa.

Visivyo na uamuzi vinawekwa kwenye kiroba kilichoandikwa tarehe. Miezi sita ikipita hakijafunguliwa, jibu limepatikana.

Hapa ndipo msemo wa "akiba haiozi" unapowakwamisha watu. Wazee hawakukosea, ila akiba ni kitu kitakachokuja kutumika. Blanketi la wageni ni akiba. Sufuria kubwa linaloazimwa kila mtaani kukiwa na shughuli ni akiba. Feni iliyoungua mota tangu mwaka juzi na haijawahi kufika kwa fundi si akiba. Kipimo chake ni maswali mawili: fundi anataka shilingi ngapi, na itapelekwa lini? Kama hakuna tarehe, iondoke.

Kila mtu asasambue vitu vyake mwenyewe. Mama akigawa viatu vya baba bila kumuuliza, amenunua ugomvi. Mtoto naye aulizwe kuhusu midoli yake. Vitu vya marehemu na zawadi za wakwe visiguswe mpaka wahusika wakae wazungumze.

Vinavyotoka vinaweza kuingiza chochote. Vyuma chakavu hununuliwa kwa kilo, na inafaa kuulizia bei sehemu mbili kabla ya kuuza. Fundi wa TV na redio anaweza kununua kifaa kibovu kwa ajili ya vipuri. Chupa za plastiki wapo wanaozikusanya. Sare za shule zilizobana zinamfaa mtoto wa jirani, na fulana zilizochakaa ni matambara ya kudekia. Pasiwepo kitu kinachotupwa mtaroni, maana mvua ikinyesha maji yanaziba na kurudi ndani kwa mtu yuleyule aliyetupa.

2. Seti

Kila kilichobaki kinapewa mahali pake. Vya kila siku vikae usawa wa mkono, vya mara moja kwa wiki vikae chini, vya mara moja kwa mwaka viende juu ya kabati. Kitanda kikiinuliwa kwa matofali yaliyokaa sawasawa, chini yake panakuwa stoo. Misumari michache nyuma ya mlango inamaliza habari ya nguo kulala juu ya kiti. Ndoo tupu za rangi zinafaa kuwekea viatu, ila si unga wala maji ya kunywa.

Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vitambulisho na mkataba wa pango vikae kwenye faili moja la plastiki, mahali panapojulikana na watu wazima wote wa nyumba. Siku ya moto au mafuriko linabebwa hilo faili.

Nyumba iliyojaa ina hatari nyingine kwa watoto. Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, katikati ya chupa nyingine, mtoto anaweza kuyanywa akidhani ni soda. Yakae kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji, juu, mbali na mikono yao. Dawa zilizokwisha muda zisigawiwe kwa jirani. Ziulizwe duka la dawa au kituo cha afya namna ya kuziteketeza.

3. Safisha

Ukishaona sakafu, fagia. Nyuma ya makabati na chini ya makochi ndiko mende na panya wanakojificha. Nje vilevile: matairi, makopo na ndoo mbovu zilizoachwa uani hushika maji ya mvua, na mbu wa dengue hutaga kwenye maji ya namna hiyo. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kumwaga maji hayo na kuondoa makopo hakugharimu hata shilingi.

4. Sanifisha

Hii ni kukubaliana sheria za nyumba. Moja inatosha kuanzia: kimoja kikiingia, kimoja kinatoka. Ukinunuliwa mkoba mpya, mmoja wa zamani unapata mwenyewe. Ya pili ni dakika 15 kila Jumamosi asubuhi, watoto wakiwemo, za kurudisha kila kitu mahali pake.

5. Shikilia

Hapa ndipo wengi huanguka. Vitu haviingii kwa lori, vinaingia kidogo kidogo: kikombe cha mnadani, begi la mtumba, beseni lililotajwa kuwa la ofa. Swali la kuuliza kabla ya kutoa hela si "bei gani?" peke yake. La pili ni "kitakaa wapi?" Kisipokuwa na mahali, hata cha sh 1,000 ni ghali.

Kwa familia inayoshinda kazini, Jumamosi nne zinatosha. Ya kwanza nguo na viatu, ya pili vyombo vya jikoni, ya tatu vifaa vya umeme na karatasi, ya nne uani.

Mwezi ukiisha na bado watoto hawana pa kulala, basi nyumba ni ndogo kweli na kuhama kuna sababu. Hata hapo kazi haijapotea. Hela ya vyuma chakavu itakuwa imechangia nauli, na mzigo uliokuwa utembee safari mbili za kirikuu huenda ukaingia kwenye moja.