Bastola ndogo: rivolva au ya magazini?
Mkazi wa Nyarero, Tarime, haruhusiwi kumiliki bastola bila leseni. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Akishaipata leseni, achague ipi?

Rivolva ndogo hubeba risasi 5 au 6 kwenye silinda inayozunguka. Risasi ikigoma, anavuta tena kifyatulio na nyingine inakuja. Ya magazini, mfano ya milimita 7.65, ni nyembamba na mara nyingi hubeba zaidi, ila ikikwama inataka mtu mwenye mazoezi.

Hatari iko nyumbani. Magazini ikitolewa, risasi moja yaweza kubaki chemba, na mtoto akaifyatua. Rivolva ukifungua silinda, risasi zote zinaonekana. Asiye na muda wa mazoezi, heri rivolva. Yoyote ile, ifungiwe kwa ufunguo.