Msimu wa Msasi na Msimu wa Mkulima: Sheria ya Uwindaji katika Nachingwea na Ruangwa

Kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Julai, serikali ya Tanzania hufungua msimu wa uwindaji, na tangu siku hiyo mtu mwenye leseni, aliyekwisha kulipa ada na kupangiwa kitalu, aweza kuingia porini na bunduki iliyosajiliwa akaua nyati, kongoni, palahala au pofu kwa idadi iliyoandikwa katika karatasi yake, wala asihesabiwe kuwa ametenda kosa. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, siku hiyo humkuta mkulima amekwisha vuna mahindi, ufuta wake u ghalani na stakabadhi imo mfukoni, na yale majuma ambayo tembo, nguruwe na nyani walikuwa wakishindana naye shambani yamekwisha pita. Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitaja ingawa si nyepesi kuitekeleza: kwamba kalenda ya uwindaji ilipimwa kwa haja za mwindaji mgeni na kwa majira ya mnyama, na kwamba mkulima wa mipakani, ambaye ndiye alipaye sehemu kubwa ya gharama ya uhifadhi, hakutiwa katika hesabu hiyo.

Insafu yatulazimu kwanza kuukiri uzuri wa tarehe yenyewe. Katika nchi hizi za kusini mvua huanza aghalabu mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo majani hupanda yakamfunika nyati mzima, mto Mbwemkuru na vijito vyake hujaa, na udongo mweusi wa mabondeni hunasa magari. Ifikapo Julai nyasi zimekauka, moto umepita, mnyama huonekana na njia hupitika. Fauka ya hayo, wengi katika wala majani huzaa karibu na mvua za kwanza, na sheria ikatazayo kuua jike mwenye mimba au mwenye ndama ina sababu njema ya kufunga mlango wakati huo, ijapokuwa msimu ambao zamani ulikoma tarehe 31 Desemba ulikuja kurefushwa hadi mwisho wa Machi, marefusho ambayo ni vigumu kuyatetea kwa hoja ya mnyama. Wala wazo la kufunga uwindaji kwa muda si geni kwa watu wa huku, ambao wengi wao ni Waislamu na wajua kwamba aliyehirimia Hija huharamishiwa mawindo ya nchi kavu mpaka atoke katika ihramu yake. Wasasi wa tembo nao walikuwa na miiko yao, ya dawa, ya unyumba na ya siku za kutoka, iliyoizuia mikono yao kwa nguvu isiyopungua ile ya hakimu.

Kilichokuwa kigeni ni leseni. Katika karne ya 19 pembe zilizoshuka Kilwa na Lindi zilitoka katika nchi za nyuma ya pwani, za Wangindo, Wamwera, Wayao na Wamakua, na msasi hodari alikuwa mtu wa daraja: aligawa nyama, alivuta wafuasi, alipata baruti na nguo. Mwezi Mei 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyodai leseni kwa uwindaji na kutenga hifadhi za kwanza, mojawapo pande za Rufiji. Na mwezi Mei 1900 dola za Ulaya zenye makoloni Afrika zilikutana London zikaandikiana mkataba uliotaka, pamoja na mengine, utumizi wa nyavu na mashimo ya kunasia wanyama ubanwe. Tazama hukumu iliyofichika humo: bunduki ya risasi, silaha ya mtawala, ilihesabiwa kuwa chombo cha muungwana, na wavu, ambao kijiji kiliuvuta kwa pamoja kulinda mtama na kupata kitoweo kwa siku moja, ukahesabiwa kuwa ukatili. Wanahistoria wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 wameonyesha kwamba amri za uwindaji na za misitu ni miongoni mwa yaliyowakera watu wa kusini, pamoja na kodi na pamba ya kulazimishwa. Sisemi kwamba leseni ndiyo iliyowasha vita; lakini aandikaye habari zake kwa pamba peke yake amewaacha nje wasasi wa Ungindo, ambao kilio chao hakikuwa cha pamba tu.

Waingereza waliunda idara ya wanyama mwaka 1919, wakatoa sheria yao ya kuwahifadhi mwaka 1921, na mwaka 1922 wakaipa hifadhi kubwa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa Behobeho mwezi Januari 1917. Afisa anayekumbukwa zaidi katika wilaya hizi ni C. J. P. Ionides, aliyekaa katika wilaya jirani ya Liwale tangu miaka ya 1930, na aliyeshughulika na mambo mawili yaliyo kinyume kwa sura na mamoja kwa kusudi: kuwapiga risasi tembo walioingia mashambani, na kuipanua hifadhi, kazi iliyosahilishwa na kuhamishwa kwa Wangindo wa Liwale katika miaka ya 1940 kwa sababu iliyotajwa ya malale. Watu waliondolewa katika nchi ya tembo, na tembo wakaondolewa katika nchi ya watu. Sitaki kumpamba mtawala aliyewang'oa wenyeji katika makaburi ya wazee wao. Hata hivyo lazima nikiri kwamba bwana nyama wa siku zile hakungoja Julai. Alikuja mahindi yakibeba, maana ndipo alipohitajiwa. Pembe zilikwenda serikalini, na nyama aghalabu iliwabakia wenye shamba.

Kisha ukaja mradi wa karanga wa 1947, ulioachwa 1951, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliufyeka msitu, reli ikajengwa kutoka pwani na baadaye ikang'olewa, mashamba yakapewa namba, kama lile la Farm 17 ambako wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO walikuja kufanya mazoezi, na mnyama akasukumwa nje ya ardhi ambayo karanga zenyewe hazikuipenda. Pori lilirudi, na mnyama akarudi nalo.

Baada ya uhuru hifadhi iligawanywa katika vitalu. Uwindaji wa kitalii ukapigwa marufuku mwaka 1973 na kurejeshwa mwaka 1978 chini ya shirika la umma la TAWICO. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974 ikafuatwa na Sheria Namba 5 ya 2009, ambayo ndiyo itutawalayo leo. Kanuni zake kwa mgeni ni za kina, na nyingine ni za kusifiwa: simba dume asiuawe kabla ya kutimiza miaka 6, pembe ya tembo isipungue kilo 20 au sentimita 160. Mwindaji atokaye Hispania au Marekani kwa safari ya siku 21 hukuta kila kitu kimetengenezwa mbele yake, kitalu, mgao, mwongozaji na askari wa kumsindikiza. Mkazi naye ametajwa katika sheria. Ila leseni yake yataka bunduki ya halali, ada, afisa wa kuiandika na eneo la wazi lenye mgao, na mtu wa Kilimarondo ya Nachingwea au Nambilanje ya Ruangwa mwenye gobore la babu yake aghalabu hana hata kimoja cha hivyo vinne. Asiye navyo, akikutwa na nyama ya pongo, amekutwa na nyara ya serikali, na thamani yake ikipita kiwango kilichowekwa kifungo ni cha miaka 20 hadi 30. Ni kweli kwamba sheria haimhukumu aliyeua mnyama kwa kujihami au kulinda mali yake, maadamu ametoa taarifa. Lakini mkulima aliyesikia habari za vifungo hivyo hatakwenda kituoni kujieleza, ataifukia mifupa.

Badala ya bunduki ya bwana nyama mkulima amepewa kifuta jasho, na jamaa za aliyeuawa hupewa kifuta machozi. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa uhai wa mtu; kwa mazao, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, zisizidi ekari 5, na shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikustahiki kitu. Aliyeandika kifungu hicho cha mwisho alidhani, bila shaka, kwamba anamzuia mtu kulima mpakani. Hakuzingatia kwamba mara nyingi ni mpaka uliokwenda kwa mtu.

Fedha za uwindaji zina ila yao. Ni kawaida ya muda mrefu kwamba asilimia 25 ya mapato ya uwindaji wa kitalii hurejeshwa katika halmashauri ya wilaya ambamo mnyama ameuawa, na kwa Liwale, yenye vitalu na yenye jumuiya ya hifadhi ya Magingo, utaratibu huo una maana. Lakini tembo hasomi ramani. Nachingwea imo katika ushoroba unaotoka Selous kwenda mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule hadi mto Ruvuma na Niassa ya Msumbiji, na upande wa kaskazini Ruangwa yapakana na mapori ya Kilwa ng'ambo ya Mbwemkuru. Mnyama aliyenenepa kwa mahindi ya Ruangwa mwezi Machi huenda akaanguka kwa risasi Liwale mwezi Agosti. Ada hufuata mahali alipofia, na hasara hubaki mahali alipokula.

Atakayenipinga nikitaka vijiji vipewe ruhusa ya kuwinda ataleta tarakimu za Selous, na ni tarakimu za kutisha: tembo wapatao 109,000 mwaka 1976, na takriban 13,000 mwaka 2013. Atauliza kama hayo si matokeo ya kulegeza mkono. Najibu kwamba tembo wale hawakuuawa kwa vibali vya vijiji bali kwa silaha za kivita na fedha za wanunuzi wa mbali, na pasingekuwapo watu wa kubeba na kuficha kama vijiji vingekuwa na faida ya kulinda. Mpango wa uhifadhi wa Selous ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani ulilifahamu jambo hilo: vijiji vya pembezoni vilipewa mgao wa wanyama, askari wao wenyewe wakawinda, na nyama ikauzwa hapo hapo.

Ninachokidai basi hakimhusu tembo, ambaye afaa aachwe mikononi mwa askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) wenye mabomu ya kumfukuzia. Nadai mgao wa kijiji wa nguruwe, ngiri na nyati wa mashambani, utumiwao kati ya Februari na Mei, kwa askari wa kijiji aliyefundishwa, chini ya saini ya afisa wanyamapori wa wilaya, idadi ikibandikwa katika ubao wa ofisi ya kijiji ili kila mtu aione. Kanuni za 2020 za mabucha ya nyamapori zimekwisha kufungua njia ya kuuza nyama kwa halali, na katika nchi ya Waislamu askari huyo apaswa kuwa mtu atajaye jina la Mungu kabla ya kufyatua, la sivyo nyati wake hatapata mnunuzi. Nguruwe, ambaye Mwislamu hamli, ataliwa na jirani Mkristo au atafukiwa. Na hapa yadhihirika kwamba kitoweo sicho shabaha ya kwanza, maana hakuna mnyama amharibuye mkulima kila usiku kama huyo. Kuhusu ile asilimia 25, sehemu yake ingegawanywa kwa taarifa za uharibifu ambazo maofisa kilimo wa kata hujaza kila masika, zikaifikia Ruangwa hata katika mwaka ambao hakuna risasi ya mtalii iliyolia ndani ya mipaka yake.