Neva, mshipa wa fahamu na uti wa mgongo: maana na matumizi

Neva (nomino, ngeli ya I-ZI, wingi: neva) ni fungu la nyuzi hai linalopeleka taarifa kati ya ubongo au ugwe wa mgongo na sehemu nyingine za mwili. Kisawe chake ni mshipa wa fahamu. Neva limetoholewa kutoka Kiingereza na limezoeleka katika vitabu vya sayansi. Mshipa wa fahamu husikika zaidi hospitalini, redioni na magazetini. Maneno hayo mawili hutaja kitu kimoja, lakini hayabebi mzigo mmoja, na mfasiri asiyeliona hilo huweza kumpotosha mgonjwa.

Tatizo la kwanza limo katika neno mshipa. Katika mazungumzo ya kawaida, mshipa ni karibu kila kitu chembamba na kirefu kinachoonekana au kuhisika chini ya ngozi. Mshipa wa damu ni mshipa, uwe ateri itokayo moyoni au vena irudiyo moyoni. Neva ni mshipa. Hata kano, inayofunga msuli kwenye mfupa, wengi huiita mshipa. Juu ya hayo, mtu akisemwa kwamba “ana mshipa”, hasa katika mwambao, wasikilizaji huelewa ngiri au busha. Kwa hiyo sentensi “mshipa umepasuka kichwani” na “mshipa umebanwa kiunoni” zinafanana kwa umbo tu. Katika ya kwanza mshipa ni wa damu, na anayezungumziwa huenda amepata kiharusi, asiyepaswa kucheleweshwa hata saa moja. Katika ya pili mshipa ni neva, mara nyingi ile neva nene kuliko zote mwilini, inayotoka kiunoni na kushuka nyuma ya paja, na maumivu yake huweza kudumu kwa wiki kadhaa bila kutishia uhai. Mkalimani anayesikia mshipa bila kivumishi hana budi kuuliza ni mshipa gani. Kukisia hapa si ufasaha.

Tatizo la pili limo katika neno fahamu. Mtu aliyezimia “amepoteza fahamu”. Fahamu, basi, ni ile hali ya kujijua na kuyajua yanayomzunguka. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya neva hufanyika bila mwenyewe kujua: mapigo ya moyo huongezwa au kupunguzwa, mboni ya jicho hupanuka gizani, utumbo husukuma chakula. Kusema kwamba “mishipa ya fahamu isiyo ya hiari” ndiyo inayoendesha hayo si kosa, ila msomaji makini atashangaa fahamu imefuata nini humo. Katika maandishi ya kitaaluma, mfumo wa neva ni istilahi safi zaidi. Katika tangazo la afya, mishipa ya fahamu itaeleweka na wengi zaidi, na inafaa ibaki.

Uti wa mgongo unahitaji uangalifu kuliko yote. Uti ni kitu kigumu kinachosimamisha kingine, na ndiyo maana tunasema kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi. Kwa maana yake halisi, uti wa mgongo ni safu ya mifupa: pingili 33 kwa mtoto, ambazo 24 za juu hubaki zimetengana maishani na zile za chini huungana kadiri mtu anavyokua. Ndani ya mfereji wa pingili hizo mna kitu kingine kabisa, laini, chenye unene wa kidole chembamba na urefu wa takriban sentimita 45 kwa mtu mzima. Hicho ni ugwe wa mgongo, kutokana na ugwe, yaani kamba nyembamba. Pamoja na ubongo, ugwe huo ndio sehemu kuu ya mfumo wa neva. Jozi 12 za neva hutoka kwenye ubongo, na jozi 31 hutoka kwenye ugwe kupitia nafasi zilizo kati ya pingili.

Katika matumizi ya kawaida, uti wa mgongo hutumika kwa mifupa na kwa ugwe pia, na hapo ndipo madhara huingia. Homa ya uti wa mgongo si ugonjwa wa mifupa. Ni uvimbe wa tando zinazofunika ubongo na ugwe. Jina limekwisha kukaa na halina haja ya kubadilishwa, ila anayelihamishia katika lugha nyingine neno kwa neno atakuwa ametunga ugonjwa usiokuwapo. Madhara makubwa zaidi huja kwenye fomu ya ridhaa. Mzazi aambiwapo, “Daktari atachoma sindano kwenye uti wa mgongo wa mtoto,” husikia kwamba ule uzi wa uhai utatobolewa na mtoto atapooza. Akikataa, kipimo cha kutambua vimelea kimekosekana. Ukweli ni kwamba ugwe wa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mna neva zinazoning’inia ndani ya maji, zikifanana na mkia wa farasi, na sindano huingizwa katika eneo hilo. Tafsiri iliyo sahihi, na yenye kutuliza kwa sababu ni sahihi, ni hii: “Daktari ataingiza sindano kati ya pingili za kiuno, chini ya mahali ugwe wa mgongo unapoishia, atoe maji kidogo ya kupima.”

Kuhusu utendaji, seli ya neva huitwa neuroni, na ubongo una neuroni zipatazo bilioni 86. Mkia wake mrefu ni aksoni. Mahali inapokaribiana na seli nyingine ni sinapsi. Ndani ya aksoni msukumo husafiri kwa njia ya umeme, kisha kwenye sinapsi hupokewa na kemikali. Nyuzi nene zilizovikwa ala ya mafuta iitwayo mielini huweza kupeleka msukumo kwa kasi ya hadi mita 120 hivi kwa sekunde. Zile nyembamba zisizovikwa hazifikii hata mita 2. Ndiyo sababu aliyejikwaa kidole husikia kwanza uchungu mkali wa kuchoma, kisha ule mzito wa kupwita. Naye aliyegusa sufuria ya moto huondoa mkono kabla hajasikia kuungua, kwa kuwa amri ya kuuondoa hutoka kwenye ugwe wa mgongo bila kungoja ubongo.

Kufa ganzi na kupooza navyo havibadilishani. Kiungo kilichokufa ganzi kimepoteza hisi. Kilichopooza kimepoteza mwendo. Ukoma na kisukari huharibu neva za hisi, hata mtu akaungua mguu asijue, ingawa bado anatembea. Vivyo hivyo, dawa ya ganzi huzuia neva za mahali fulani tu, ilhali nusu kaputi hulaza ubongo wenyewe.

Kwa upatanisho wa kisarufi: neva ya hisi imebanwa, neva za hisi zimebanwa, mshipa wa fahamu umebanwa, mishipa ya fahamu imebanwa. Umbo “maneva” halifai katika maandishi sanifu.