Ngoma na Ujirani katika Nchi ya Ugogo

Ashikaye njia iendayo mashariki kutoka mji wa Dodoma hufika Mtumba, mahali ambapo tangu mwaka 2019 zimekuwa zikijengwa na kufunguliwa ofisi za wizara za Serikali ya Muungano, na ambapo watu wa kila mkoa wamehamia kwa ajili ya kazi. Wengi wao hudhani kwamba wameingia katika nyika tupu isiyo na historia yake, ilhali ardhi hiyo, pamoja na Ihumwa iliyo jirani nayo na Chamwino iliyo mbele kidogo, ni nchi ya Wagogo, watu ambao ustadi wao wa kuimba kwa sauti nyingi zinazopandana na kushikamana umewashangaza wajuzi wa muziki wa mataifa ya mbali. Nakusudia kueleza katika makala haya kwamba muziki huo, kabla haujawa burudani, ulikuwa nguzo ya ujirani, na kwamba pasipo ujirani nchi hii isingekalika.

Mvua ya Ugogo ni haba, aghalabu haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya mwezi wa Desemba na Aprili. Miezi iliyosalia ni ya jua, upepo na vumbi. Mtu aliyelima uwele na mtama akapata mwaka huu, aweza kukosa mwaka ujao, na mwenye ng'ombe wengi leo aweza kuwa mhitaji kesho. Kwa hiyo akiba ya hakika haikuwa katika kihenge peke yake, bali katika watu: mkwe, rafiki aliyekabidhiwa mifugo, na jirani wa tembe ya pili. Na majirani hao aghalabu hawakuwa wa nasaba moja, kwani koo nyingi za Wagogo husimulia kwamba asili yao ni Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru au kwingineko. Watu waliotoka pande mbalimbali namna hiyo walihitaji jambo la kuwafanya jamaa, na mojawapo ya mambo hayo lilikuwa ni kuimba pamoja.

Tazama kwanza ala zao. Ilimba ni sanduku la mti lililopangwa juu yake ndimi za chuma, fupi kwa ndefu, ambazo mpigaji huzibonyeza kwa vidole gumba; na juu ya tundu dogo la sanduku hilo hubandikwa utando mweupe wa buibui, ili kila mlio utoke na mvumo wake, kama nyuki aliye ndani ya mzinga. Zeze nalo ni kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye mpini na nyuzi zinazosuguliwa kwa uta. Vitu hivi vyote, isipokuwa kile chuma, vilipatikana porini na nyumbani bila ya gharama, hata mchungaji asiye na kitu aliweza kuwa fundi mwenye kuheshimiwa. Lakini ala hizo, pamoja na uzuri wake, zilikuwa ni za kufuatana na sauti ya mtu. Na sauti ya mtu mmoja haikutosha. Mmoja huanzisha, wengine humpokea, wa sauti ya juu wakipanda na wa sauti nzito wakikaa chini, njuga za miguuni zikihesabu mwendo na mabega yakitikisika, hata ikawa atokaye huacha pengo lisikikalo na wote. Hapo ndipo mtu alipojifunza, tena bila ya kuhubiriwa, kwamba kuwapo kwake kuna maana kwa wenziwe.

Fauka ya hayo, muziki uligawanya na kutunza majukumu. Vijana waliotahiriwa walifunzwa kwa nyimbo adabu, uvumilivu na siri za utu uzima, na walipotoka jandoni walipokewa kwa ngoma. Muheme ilikuwa ni ngoma ya wanawake: wao ndio waliosimama wamezibana ngoma baina ya mapaja, wakizipiga kwa viganja, na mwanamume hakuwa na mamlaka juu ya mipigo ile. Tena ulipoiingia nchi mkosi, mathalan mifugo ilipopatwa na maradhi, wanawake walivaa mavazi ya kiume, wakashika silaha, wakachunga ng'ombe ambao siku nyingine si kazi yao, na wakacheza na kuimba mpaka mpakani ili kuutupa mkosi ule nje ya nchi. Hata asiyeamini kwamba mkosi hutupwa hivyo, kwa insafu atakiri kwamba watu waliofadhaika walirudi nyumbani wakiwa wamoja, nao hawakukaa kimya kila mtu na hofu yake.

Umoja huo ulipata mtihani mkubwa katika njaa ya Mtunya, baina ya mwaka 1917 na 1920, pale majeshi ya Vita Kuu yalipochukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, kisha ukame ukafuata, na watu wakafa kwa maelfu. Wamisionari nao, ambao walikuwa wamekwisha kufika Ugogo tangu karne iliyotangulia, waliwakataza waumini wao ngoma nyingi. Hata hivyo tabia ya kuimba kwa kupokezana haikufa. Baada ya muda iliingia kanisani, na leo kwaya za Dodoma hujulikana mara moja kwa sauti zake za Kigogo.

Uhuru ulipopatikana, Mwalimu Nyerere alisema katika hotuba yake ya Desemba 1962 kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu tu, akaunda wizara ya utamaduni. Ndipo Hukwe Zawose, mpigaji wa ilimba na mwana wa wafugaji wa Dodoma, alipoitwa Dar es Salaam, baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kabla ya kufariki mwezi wa Desemba 2003 alikuwa ameifikisha ilimba katika majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mwana mwingine wa nchi hii, Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, alitunga kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotolewa mwaka 1954, kisha baada ya Azimio la Arusha akaendeleza ngonjera, ushairi wa kujibizana hadharani, ambao ulienea katika shule za Tanzania.

Sifa hizo ni haki yao, nasi twajivunia. Lakini jukwaa lina hasara yake: huwatenga waimbao na wasikilizao, na mwenye kusikiliza huondoka bila ya kudaiwa kitu na yeyote. Muziki wa zamani ulimdai kila mtu sauti yake, nguvu yake na jina lake mbele ya wenziwe, na deni hilo ndilo lililomfanya asaidiwe siku ya dhiki.

Mtumba ya leo imekuwa tena makao ya watu wa asili mbalimbali, kama ilivyokuwa Ugogo ya zamani, na wengi wao hawajuani na jirani wa nyumba ya pili. Wasitosheke na kukialika kikundi cha ngoma kiwapokee wageni wa heshima uwanjani kisha kikarudishwa kijijini kwa gari. Na waende Chamwino na Ihumwa, wapeleke watoto wao wakafunzwe na wazee wangali hai, waimbe nao hata kwa kukosea. Na shule za hapa ziipe ilimba na muheme saa yake katika ratiba. Kufanya hivyo ni wajibu wa mgeni kwa mwenyeji wake, tena ni njia iliyokwisha kujaribiwa katika ardhi hii hii ya kuwafanya watu wasiojuana kuwa majirani.